Namna ya kuwapata ndege wa kupiga picha ufukweni Kigoma

Kabla hujachaji betri, angalia mwezi wa angani umefikia wapi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haifui dafu. Siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi inalala nchi kavu, nyavu zinashonwa, na ufukweni Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Kigoma, unakuta kunguru wachache wanagombea mabaki. Giza likirudi, mitumbwi inaingia alfajiri, akina mama wanaanika, na ndege wanakuja wenyewe. Usihangaike kumtafuta ndege, tafuta mlo wake na ufike kabla yake.

Hatua ya 1: Panga siku

Chagua siku za giza, yaani mwezi ukiwa umeandama karibuni au unakaribia kwisha. Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na ukija kipindi kama hicho utakuta vichanja vitupu.

Kwa idadi ya aina, Oktoba mpaka Aprili ndiyo miezi mizuri. Wageni kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wameshafika, mbayuwayu wakiwemo. Mvua itakusumbua, lakini baada ya mvua anga inakuwa safi na vumbi limetulia.

Hatua ya 2: Salimia kwanza, kamera baadaye

Usichomoe lenzi ndefu mwaloni bila kusema na mtu. Mvuvi akimwona mgeni anaelekeza mtambo kwenye boti lake, anachofikiria si ndege, ni nyavu, leseni na faini. Pitia kwa viongozi wa mwalo, yaani BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo na uvuvi), ujitambulishe. Kisha wasalimie wanaoanika: shikamoo kwa wakubwa, pole na kazi kwa wote. Waoneshe picha ya ndege uliyopiga zamani. Maswali yatakuwa mengi na kicheko kidogo, maana kwao ndege ni mwizi na wewe umetoka nyumbani kuja kumpiga picha mwizi.

Angalia unapokanyaga. Dagaa walioanikwa mchangani hawaonekani vizuri kabla hakujapambazuka, na huo ni mtaji wa mtu. Bandari, stesheni ya reli na majengo ya ulinzi usiyaelekezee kamera kabisa, hata kama furukombe, yule tai mla samaki, ametua juu yake.

Hatua ya 3: Jua na upepo

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Ukitoka Dar na mazoea yako ya saa kumi na mbili na nusu, utakaa gizani ukiumwa na mbu. Tena vilima viko mashariki mwa mji, vinalizuia jua dakika kadhaa zaidi. Ziwa liko upande wa pili, upande wa Kongo.

Maana yake ni kwamba asubuhi, ukisimama ufukweni unatazama maji, jua linakuwa mgongoni kwako na ndege anamulikwa usoni. Jioni mambo yanageuka: jua linazamia ziwani, na kila ndege aliye juu ya maji anakuwa kivuli cheusi. Picha za vivuli zina wapenzi wake, lakini manyoya hutayaona.

Upepo ndio watu wengi wanaousahau. Ndege anaruka, anatua na kusimama hewani akiwa ameukabili upepo. Kukiwa na utulivu, asubuhi na mapema upepo mwepesi hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, kwa sababu nchi imepoa usiku kuliko maji. Kwa hiyo ndege anayewinda mita chache kutoka ufukweni anakuwa amegeukia nchi kavu, anakutazama wewe, na jua linamwangukia kifuani. Mchana nchi ikipata joto, upepo unageuka, unatoka ziwani, na kuanzia hapo utakuwa unapiga picha za mikia. Kiangazi kuna upepo mkali wa kusini-mashariki unaovuruga hesabu hii. Siku hiyo shika mchanga mkavu, uachie, uone unaelekea wapi, kisha hama mpaka upepo na jua viwe mgongoni, au angalau jua.

Hatua ya 4: Anza na mdiria

Wengi wanataka furukombe siku ya kwanza. Mimi nakushauri mdiria, yule wa madoa meusi na meupe mwenye kishungi. Yupo kila siku, amewazoea watu, na atakufundisha kazi. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, na huo umekatika katikati.

Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kwa kasi ambayo jicho halihesabu, lakini kichwa kimetulia tuli. Kisha anajiachia kichwa chini. Kadagaa kadogo anaweza kukameza akiwa anaruka. Akipata samaki wa maana anarudi kwenye kituo chake: kamba ya boti, nguzo ya kichanja, ncha ya mtumbwi. Hapo anampigiza samaki kwenye mti, kulia, kushoto, kulia, mpaka magamba mengine yanaruka, halafu anamgeuza ili ammeze kwa kuanzia kichwani.

Kwa hiyo usimkimbize. Tazama ametua wapi mara mbili mfululizo, chuchumaa umbali ambao hajali, subiri hapo. Weka spidi ya shata 1/2000 ya sekunde kwa anayeruka, 1/500 inatosha akiwa ametua. Washa fokasi inayofuata kitu kinachotembea, na kamera ipige mfululizo. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande yenyewe. Picha yenye chengachenga inarekebishika, iliyotikisika haina dawa. Kwa yangeyange na ndege wengine weupe, punguza mwanga mpaka -0.7 kwenye kitufe cha +/- cha kamera, la sivyo manyoya yataungua yawe karatasi tupu.

Lenzi ya milimita 70-300 ya mtumba inatosha kabisa. Simu pekee itakupa kunguru na mandhari.

Hatua ya 5: Mwewe na mwenye fimbo

Karibu na dagaa walioanikwa kuna mtu wa kufukuza ndege, mara nyingi kijana mwenye fimbo. Mtazame yeye kuliko mwewe. Akiinuka tu, weka kamera jichoni, kwa sababu kundi zima linapaa kwa pamoja. Mwewe akinyakua dagaa kwa kucha hula angani, anashusha kichwa kwenye mguu bila kutua. Picha hiyo haipatikani kwa bahati.

Furukombe ana mti wake na hauachi kirahisi. Msikilize alfajiri, anapiga kelele akiwa amerudisha kichwa nyuma. Ukiujua mti, rudi kesho yake. Kumchezea sauti yake kwenye simu ili aje ni kumchosha bure. Anadhani kuna mvamizi kwenye eneo lake.

Hatua ya 6: Saa tatu, hamia michikichini

Mwanga ukianza kuwa mkali ufukweni, panda kwenye mashamba ya michikichi. Kuna tumbusi mmoja mweupe mwenye mabawa meusi na ngozi nyekundu kuzunguka jicho, ambaye chakula chake kikubwa ni nyama ya ngazi, yaani tunda la mchikichi. Tafuta mchikichi wenye mikungu iliyoiva, uangalie chini kama maganda ni mapya. Minana nao wanachana majani ya mchikichi kusuka viota. Usikate tawi ili kiota kionekane, kwa sababu kunguru anakiona pia.

Hatua ya 7: Ukitaka kwenda mbali

Bonde la Luiche, kusini mwa Ujiji, lina mashamba ya mpunga yenye yangeyange na korongo. Gombe ni kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, unapanda boti Kibirizi. Ni hifadhi, kuna kiingilio, na msituni mwanga ni hafifu, kwa hiyo andaa lenzi inayofunguka zaidi.

Malagarasi-Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, ndiko aliko korongo nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo mpana. Sehemu kubwa ni pori la akiba, kwa hiyo kibali kwanza. Nenda mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na samaki wamebanwa madimbwini. Yeye husimama palepale muda mrefu, spidi haikusumbui, umbali ndio tatizo. Kama una lenzi ya milimita 300 tu, pesa ya safari hiyo itumie kwa asubuhi nyingine za giza Kibirizi.