Jinsi ya Kuchunguza Mbegu za Kiume katika Nondo Aliyekomaa

Kwa kazi hii hapa Uganda, nondo anayefaa zaidi ni yule wa viwavijeshi vamizi, walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na ambao mkulima wa mahindi wa Masindi au Iganga hahitaji kuelezwa habari zao. Kusanya viwavi wakubwa, umweke kila mmoja katika kichupa chake kwa sababu hulana, uwalishe majani ya mahindi yasiyopuliziwa dawa hadi wawe pupa. Dume aliyekomaa hutambulika kwa alama nyeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Bawa la jike limefifia.

Wengi huhangaikia wembe na hadubini, wakasahau mwanga, ambao kwa maoni yangu ndio unaoamua utakachokiona. Katika nondo waliochunguzwa kwa kina, mbegu hutoka kwenye korodani kwa kufuata saa ya mwili: kuanzia jioni na mapema usiku huingia sehemu ya juu ya mrija wa manii, kisha baadaye, mara nyingi kunapokucha, husukumwa hadi kwenye vifuko vya kuhifadhia. Taa ikiwaka usiku kucha, utaratibu huo huvurugika, na dume anaweza hata kuwa tasa. Sisi tulio kwenye ikweta, ambako jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, tunahitaji tu kuwaweka nondo karibu na dirisha, mbali na taa ya mlinzi. Pasua usiku ukitaka kuona mbegu mrijani, au asubuhi ukizitafuta vifukoni.

Mlaze dume kwenye barafu hadi atulie kabisa, mkate mabawa na miguu, kisha mbanike kwa pini juu ya nta, mgongo ukiwa juu, ndani ya maji yenye gramu 7.5 za chumvi kwa lita. Kata ngozi ya tumbo kwa ubavuni, si katikati ya mgongo, kwa kuwa korodani iko papo hapo chini ya mgongo, imezingirwa na mafuta. Utaona tufe moja tu, kwani korodani mbili za kiwavi huungana wakati wa upupa, ingawa mirija inayotoka hubaki miwili. (Nondo wa hariri ni tofauti: zake hubaki mbili.)

Itoboe korodani juu ya kioo, ongeza tone la asetokamini (rangi nyekundu inayotia rangi kiini cha seli), funika na utazame. Vifuko vya mviringo vina seli ambazo bado zinagawanyika. Mafungu marefu ni mbegu zinazokaribia kukomaa. Mafungu hayo ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, vichwa vyenye kiini hupokea rangi vikiwa vimekusanyika upande mmoja, kwa kawaida 256 kwa fungu. Hizi ndizo zinazorutubisha mayai. Aina ya pili ni fupi na haina kiini, lakini kwa idadi huizidi ya kwanza kwa mbali, na katika nondo wa hariri imethibitika kwamba bila hiyo mbegu zenye kiini hazifiki kwenye kifuko cha jike cha kuhifadhia mbegu.

Chunguza pia mrija wenyewe: mbegu zisizo na kiini huwa zimekwisha kutawanyika humo, ilhali zenye kiini hubaki katika mafungu hadi zifike ndani ya jike.