Kugandisha mayai ya nguruwe kwa hewa baridi (naitrojeni ya kimiminika): kutoka machinjioni hadi mtungini

Mhimilishaji aliyezoea mbegu za ng'ombe akiletewa mayai ya nguruwe hudhani kazi ni ileile. Siyo. Yai la nguruwe limejaa matone ya mafuta, ndiyo maana kwenye hadubini linaonekana jeusi, na mafuta hayo hayavumilii kupozwa. Tangu 1974 Polge, Wilmut na Rowson walionyesha kwamba viinitete vya nguruwe, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, hufa vikishuka chini ya nyuzi 15. Kwa hiyo kila hatua hapa ina lengo moja: yai libaki na joto hadi dakika ya mwisho, kisha livuke ubaridi wa kati kwa kasi kubwa.

Hatua ya 1: Machinjioni
Pasha maji ya dripu ya chumvi 0.9% hadi nyuzi 35, tia antibaiotiki, yaweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Elewana na mchinjaji mapema: ovari ikitoka tumboni inaingia chupani, haipitii mezani. Julai hapa Arusha alfajiri huwa nyuzi 12 au 13, na meza ya saruji ni baridi vilevile. Ovari iliyowekwa juu yake wakati mnabishana bei ya utumbo imeshaharibika, hata kama kwa macho bado ni nyekundu na inang'aa. Itupe. Ukitokea Moshi, zile kilomita 80 na malori yake zihesabu. Pima joto la chupa ukifika maabara.

Majike waliowahi kuzaa hutoa mayai yenye nguvu zaidi, ila wengi wanaochinjwa ni wachanga. Mwenye dalili za homa ya nguruwe usimguse kabisa: ugonjwa hauna tiba, na ubaridi hauui virusi vyake.

Hatua ya 2: Kunyonya mayai
Tumia sindano namba 18 na bomba la mililita 10. Nyonya vifuko vya milimita 3 hadi 6. Chagua mayai yaliyozungukwa na tabaka kadhaa za seli, yenye weusi uliosambaa sawasawa.

Hatua ya 3: Kukomaza
Inkubeta (kabati la kutunza joto) nyuzi 38.5, kabonidayoksaidi 5%, saa 42 hadi 44. Umeme ukikatika bila jenereta, kundi lote limekwenda. Kisha ondoa seli za nje kwa kimeng'enya cha hailuronidesi na uchague mayai yaliyotoa kile kijiduara kidogo pembeni. Hayo ndiyo yaliyokomaa.

Hatua ya 4: Kugandisha
Washa hita, chumba kifike nyuzi 25 hadi 27. Mchanganyiko wa kwanza una dawa mbili za kuzuia barafu ndani ya yai: ethilini glaikoli 7.5% na DMSO 7.5%. Yai litanywea, kisha litajaa tena ndani ya dakika 5 hadi 15. Lisubiri lijae.

Mchanganyiko wa pili una 15% ya kila kimoja, pamoja na sukrosi (sukari) ya moli 0.5 kwa lita, yaani gramu 17.1 kwa mililita 100. Hapa una sekunde 60 tu, kupakia kukiwemo, kwa sababu dawa hizi ni sumu kwa yai. Pakia mayai machache kwenye ncha ya kijiti cha plastiki, nyonya maji yote ya ziada, zamisha moja kwa moja kwenye hewa baridi. Tone likibaki kubwa, litapoa polepole na kutengeneza barafu.

Hewa baridi yenyewe ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Vaa glavu, fungua madirisha: lita moja hugeuka takriban lita 700 za gesi, na gesi hiyo hufukuza oksijeni. Mtungi ukiutoa Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, usiusafirishe ndani ya gari lililofungwa vioo.

Wapo wanaoondoa mafuta kwanza, kama Nagashima na wenzake walivyofanya kwa viinitete mwaka 1995. Inafanya kazi, lakini inataka mitambo ya sindano ndogo sana. Mimi ningeanza bila hiyo.

Hatua ya 5: Kuyeyusha
Toa kijiti mtungini, kichovye papo hapo kwenye sukrosi ya moli 1 yenye nyuzi 37, dakika moja. Hamishia kwenye moli 0.5 kwa dakika 3, kisha osha mara mbili, dakika 5 kila mara. Rudisha kwenye inkubeta saa mbili ndipo uhesabu: yaliyobaki duara, ganda zima, ndiyo yaliyopona.

Kupona si kukua. Mengi hupona lakini hayafiki kuwa kiinitete kizuri, na kwa nguruwe matokeo bado yako nyuma ya ng'ombe. Njia hii ni ya kutunza koo za nguruwe na ya utafiti. Mfugaji anayetaka vitoto msimu huu mpelekee mbegu mbichi za dume, zilizotunzwa kwenye nyuzi 17.