Tovuti yako iseme unafanya kazi gani

Kama una kampuni yenye tovuti, ifungue sasa hivi kwenye simu na usome sentensi ya kwanza tu. Ikiwa ni "Tunatoa suluhisho bunifu kwa maendeleo endelevu", ifute. Benki inaweza kuisema, kiwanda cha mabati kinaweza, hata kampuni ya ulinzi, kwa hiyo mteja haambulii kitu.

Andika kazi yenyewe, unamfanyia nani na wapi: "Tunatoa magari na makontena bandari ya Dar es Salaam na kuyasafirisha hadi Lubumbashi, Kigali na Bujumbura." Mwenye mzigo anajua papo hapo kwamba amefika. Maneno hayo yaweke pia kwenye kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana mtu akitafuta Google, maana wengi huamua hapo kama wabofye au wapite. Kampuni nyingi nzuri zimeandika "Mwanzo" au "Karibu" tu. Inauma, kwa sababu kazi wanaijua.

Halafu mpe simu mtu asiyeijua biashara yako, shangazi au jirani. Asome, kisha akueleze unafanya nini. Akibabaika, usimfafanulie, andika upya.