Jinsi ya kuingiza mvuke kwenye dunia ya mapanga na uganga

Jumamosi moja, mezani kwangu hapa Igogo, Mwanza, tukiwa kwenye mchezo wetu wa dadu ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, dada mmoja ambaye ni nesi aliweka kalamu chini akasema, "Kaka, ukileta garimoshi humu ndani, mfumu wangu atakosa kazi." Yeye anaigiza mfumu, yaani mganga, wa mvua. Tulikuwa na miezi minne ndani ya Ihumbu, ufalme wa kubuni niliouchora kwenye karatasi ya manila: watemi, mapanga, joka la ziwani, wafumu wanaoongea na mawe. Mimi nilikuwa nimetoka tu kutamka neno "boila", yaani tangi la chuma la kuchemshia maji hadi yawe mvuke.

Alikuwa na haki ya kuogopa, maana dunia moja nilishaiua hivyo hivyo. Katika mchezo uliotangulia nilimpa mhunzi wa kundi bunduki ya mvuke, kwa sababu niliiona nzuri akilini. Vikao vitatu baadaye hakuna aliyekumbuka panga liko wapi. Kila lango lilifunguliwa kwa bunduki ile, kila mlinzi alianguka, na kikao cha nne watu wawili walituma ujumbe kwamba wamebanwa na kazi. Mchezo ukaishia pale.

Wakati ule nilidhani kosa ni mvuke. Lakini mimi mwenyewe ni mtu wa boila, mwaka wa kumi na moja huu, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, na siku moja nikiwa zamu ndipo nilipoelewa: bunduki ile haikuwa inakula. Haikuomba kuni, haikuomba maji, haikuomba mtu wa kukesha nayo. Kitu cha namna hiyo hakipo duniani, na mezani hakifai kuwepo. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yako unayeendesha mchezo wa dadu na wenzako, unatamani moshi upande juu ya mji wako wa mapanga, na unaogopa.

Kwanza malizana na hoja ya "enzi"

Kuna mchezaji atakayekuambia mapanga na mitambo havikukutana. Mjibu kwa ufupi muendelee. Deraya zile za chuma za kumfunika mtu mzima, ambazo kila mchoraji wa michezo hii anazipenda, zilifikia ubora wake Ulaya miaka ya 1400, wakati mizinga ilikuwa imeshanguruma huko karne nzima. Heron wa Aleksandria alieleza tufe linalozungushwa na mvuke katika karne ya 1. Mashine ya mvuke ya Mwingereza Thomas Newcomen, ya kuvuta maji migodini, ilianza kazi mwaka 1712.

Na huna haja ya kwenda mbali hivyo. Ng'ambo ya ziwa letu la Victoria, Buhaya, watu walifua chuma cha hali ya juu karibu miaka 2,000 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walilitangaza hilo mwaka 1978 baada ya kufanya kazi na wazee waliokumbuka ufundi wenyewe. Mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda kuliko kawaida. Chini ya tanuri hilo hilo kulichimbwa shimo dogo la kuwekea dawa. Hewa moto juu, dawa chini, tanuri moja. Ukitaka kujua kama ufundi na uganga vinaweza kukaa nyumba moja, pale vilikaa, na mhunzi aliheshimiwa kwa vyote viwili.

Mchezo wa kompyuta uitwao Arcanum, wa mwaka 2001, uliamua kinyume: uchawi na mitambo vinakanana, mhusika akizama upande mmoja, vitu vya upande wa pili vinamgomea. Ni wazo zuri, na kompyuta inafanya hesabu yake bila kuchoka. Mezani, ambako hesabu unafanya wewe huku chai inapoa, mimi silipendekezi.

Ipe mashine njaa

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kabla hujasema mashine yako inafanya nini, andika inakula nini.

Kilo moja ya kuni kavu, kwenye boila nzuri yenye mtu makini, inageuza kilo tatu au nne hivi za maji kuwa mvuke. Mashine za mwanzo zilikuwa zinaupoteza karibu wote huo. Kwa hiyo mtemi wa Ihumbu akitaka mtambo mmoja wa kuvuta maji hadi kwenye mashamba ya kilimani, anahitaji mlima wa kuni kila wiki. Nani anakata? Msitu wa nani? Wafumu wa nesi wetu wanachuma dawa kwenye msitu upi? Unaona: sijatunga adui hata mmoja na tayari kuna ugomvi wa vikao vitano.

Mezani ninafanya hivi. Kila mtambo una vikombe viwili. Kimoja kina mbegu za mahindi, hizo ni kuni. Kingine kina vifuniko vya soda, hivyo ni maji. Kila saa ya mchezo ninatoa mbegu moja na kifuniko kimoja, mbele ya macho ya wachezaji, bila kusema neno. Karatasi yenye namba haifanyi kazi ile. Mtu akiona kombe linapungua anaanza kukaa mbele ya kiti.

Halafu muda. Boila iliyolala baridi haiamshwi kwa dakika kumi. Unawasha moto mdogo, unasubiri chuma kitanuke polepole, unaongeza, unasubiri. Kwetu zamu ya alfajiri inaingia saa kumi usiku ili mvuke uwe tayari asubuhi. Weka sheria hiyo mezani: saa nne za mchezo kutoka baridi hadi kazi. Joka la ziwani halisubiri saa nne. Kwa hiyo kila mara hatari ikitokea ghafla, wa kwanza kusimama ni mwenye panga na mwenye tabano, yaani maneno ya uganga, na mwenye mtambo anachochea moto huku anaomba wenzake wamshikilie muda. Nesi aliposikia sheria hii aliokota kalamu yake.

Kioo cha maji

Mbele ya boila kuna kioo chembamba kilichosimama wima, maji yanaonekana humo kama yanavyoonekana kwenye glasi. Kimo cha maji kwenye kioo ndicho kimo cha maji ndani. Hiyo ndiyo sehemu ya kuielezea wachezaji kwa undani kuliko zote, kuliko magurudumu, kuliko king'ora.

Usiku mmoja pampu ya maji ilisimama na king'ora chetu hakikulia. Nilipopita na tochi, kioo kilikuwa kitupu. Kioo kitupu kinafanana sana na kioo kilichojaa hadi juu, vyote havina mstari. Nilifungua koki ya chini kukipuliza, ikatoa mvuke mkavu. Mwenzangu, kijana mwema, alikimbilia valvu ya kuingiza maji. Nilimshika mkono. Maji yakikosekana, bamba lililo juu ya moto linaanza kuwa jekundu na kulegea. Ukilimwagia maji baridi wakati huo, huenda ukawa umeyavuta mauti kwa mkono wako. Tulizika moto kwa majivu, tukafunga hewa, tukatoka nje tukasimama ukutani mbali, tukangoja ipoe. Geji ya kupimia mgandamizo ilishuka taratibu sana. Nakumbuka vyura wa upande wa ziwani wakilia, na yule kijana akiniuliza, "Kaka, sasa hivi?" kila baada ya dakika moja.

Mweleze mchezaji kwa nini ni hatari, kwa lugha ya sufuria. Hapa Mwanza tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya ugali yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya boila yenye mgandamizo wa bar 7 maji yana nyuzi 170 na bado ni maji, kwa sababu yamebanwa. Chuma kikipasuka, yanaachiwa yote kwa mara moja, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa kawaida inataka nafasi ya lita kama 1,600. Joka gani linakaribia hapo?

Kwa hiyo usiweke mlipuko kama bahati mbaya ya dadu. Mchezaji akirusha 1 ukamwambia "umelipuka", umemdhulumu. Weka kioo kitupu, kisha mwulize: unazika moto na kuukosa mtambo katikati ya vita, au unaingiza maji? Hapo ndipo arushe dadu, akiwa ameshachagua.

Nani alikereza silinda?

Hili lipite haraka, lakini usiliruke. Mashine ya mvuke ya James Watt ilichelewa miaka kwa sababu hakuna aliyeweza kutoboa silinda ya duara kamili. Mvuke ulikuwa unavujia pembeni ya pistoni. Aliyeitoa kwenye shida ni fundi chuma Mwingereza, John Wilkinson, na ufundi wake ulitokana na kutoboa mizinga, mwaka 1774. Basi kama dunia yako haina mizinga, amua tundu lile linatoka wapi. Ihumbu kuna ukoo mmoja tu wa wahunzi wanaoweza, na wanalipata kwa kufunga siku saba na kumwimbia chuma. Mvuke wangu hauwezekani bila uganga. Sentensi hiyo moja imenisaidia kuliko ramani zote.

Washindanie watu

Ukitaka mvuke na uganga vishindane, visishindane kwa nani anaua zaidi. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, usikilize habari za Bagalu na Bagika, pande mbili za ngoma zinazoshindana. Wasukuma wanasimulia kwamba Ngika na Gumha walibishana dawa ya nani ina nguvu, na ubishi ukaamuliwa kwa ngoma. Hadi leo, baada ya mavuno, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule aliyevutia watu wengi. Dawa ipo, ufundi upo, nyoka wapo, lakini anayehesabiwa ni mtazamaji anayegeuka na kuvuka kwenda upande wa pili.

Nimeichukua kanuni hiyo ilivyo. Kila kijiji cha Ihumbu kina mawe kumi mezani. Mtambo ukisaga nafaka ya wajane bure, jiwe linahamia kwa mafundi. Mfumu akileta mvua wiki ambayo mtambo umekauka, mawe matatu yanarudi. Hakuna anayemuua mwenzake, na wachezaji wangu wanagombana kwa hoja hadi saa nne usiku.

Safari moja ya kuazima

Kama hujui uanze na kisa gani, anza na meli iliyozama. Historia imekuandalia. Meli ya mvuke ambayo sasa tunaiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makreti 5,000, ikaja kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito kila pahali. Mwaka 1924 ikainuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika.

Mafundi wale waliizamisha huku wakiitunza. Mpe mchezaji wako hilo. Chini ya ziwa la Ihumbu kuna mtambo uliopakwa mafuta na watu waliokusudia kurudi, na hawakurudi. Kuuinua kunahitaji mganga wa maji wa kuongea na joka linalouatamia, wenye mapanga wa kulinda kamba, na mhunzi wa kuufungua. Hakuna anayebaki benchi. Kreti moja wapo ipotelee njiani, ili kuwe na sababu ya kwenda milimani.

Kikao cha kwanza fungua hivi: ni usiku, mtambo ni baridi, na mlinzi wa mnara amepiga filimbi mara moja. Weka vikombe viwili mezani, kimoja kimejaa, kimoja nusu. Usieleze historia ya ufalme.

Nilivyofanya mimi, nesi alikuwa wa kwanza kuinama juu ya meza. Mfumu wake alikuwa na tabano moja tu la mvua lililobaki kwa siku ile, na alikuwa amelitunza kwa ajili ya kuzima moto wa joka. Alichungulia kombe la vifuniko vya soda, akavihesabu kwa ncha ya kalamu, akamwangalia mhunzi.

"Nikinyesha sasa hivi kwenye tangi lenu," akasema, "mnanipa saa ngapi?"