Kusoma rotavirusi kwa matumbo madogo ya labu: mwongozo kwa walio Kisumu na Western

Kaa uko masters Maseno ama Masinde Muliro, ama umepata atachimenti huko KEMRI Kisian (taasisi ya utafiti wa tiba) na unataka kusoma virusi vya kuharisha kama rotavirusi, ile inayoharisha watoto wadogo, anza na oganoidi ya utumbo. Ni kitumbo kidogo cha milimita moja hivi ama chini, kinakuzwa labu kutoka kwa seli shina. Toshiro Sato na Hans Clevers walionyesha kule Uholanzi 2009 kwamba seli shina moja tu ya utumbo wa panya inaweza kujijenga hadi ikawa na vijishimo vyake (vile vya ukuta wa utumbo, seli shina hukaa humo), na 2011 wakafanya na ya binadamu. Kuna zingine za ubongo, ndizo zilisaidia 2016 kuonyesha Zika inaua seli changa za ubongo, lakini hizo zinachukua miezi, ya utumbo ni wiki.

Mbona rotavirusi? Kwa sababu swali lenyewe ni la hapa kwetu. Chanjo yake ya RotaTeq ilipojaribiwa Siaya, pamoja na Ghana na Mali, ilizuia ugonjwa mkali kwa kama 39% tu kwa miaka miwili, na chanjo hiyo hiyo Ulaya na Marekani ilipita 90%. Kenya tulianza kuchanja watoto wote 2014, kwa chanjo nyingine ya rotavirusi (Rotarix), na chanjo imeokoa wengi, sitaki mtu asome hapa akatae kupeleka mtoto kliniki, ila hilo pengo liko. Sababu ni nyingi, lishe, kinga ya mama, vijidudu vingine tumboni, na pia jeni za mtoto mwenyewe. Hiyo ya jeni ndiyo oganoidi inaweza kukujibu vizuri. Na ndiyo maana ukinunua seli za mtu wa Houston, Marekani, halafu uandike kuhusu watoto wa Nyanza, bado swali halijajibiwa.

Kwa hivyo tishu itoke hapa. Ruhusa kwanza: kamati ya maadili (ya KEMRI inaitwa SERU, chuo chako kiko na yake) na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi. Tishu ichukuliwe tu kwa mtoto ambaye daktari tayari ameamua afanyiwe endoskopi kwa shida yake, usiwahi kuomba mtoto aingizwe mpira juu ya utafiti wako. Na mzazi aelezwe kwa Dholuo ama Kiswahili, lugha anayoielewa, kwamba seli za mtoto zinaweza kuishi kwa friza miaka mingi na zinaweza kutumwa labu ingine, akikataa hapo basi imeisha, asante na umwache aende.

Tishu ikitoka iweke kwa midia baridi yenye antibayotiki, kwa barafu, na ufike labu siku hiyo hiyo. Ioshe mpaka maji yawe safi, halafu iweke kwa EDTA (kemikali) juu ya barafu kama nusu saa, EDTA inaondoa kalsiamu inayoshikanisha seli, ukitingisha vile vijishimo vinaachia. Vichuje, vizungushe kwa sentrifuji polepole, uchanganye na Matrigel, jeli ya kushikilia seli. Hii Matrigel ni kinyume cha Kimbo, ikiwa baridi inayeyuka na ikipata joto inaganda, so pipeti, tipu, chupa, vyote vikae baridi mpaka dakika ya mwisho, lakini sahani yenyewe iwe imepashwa moto. Weka tone la maikrolita 30 hadi 50 kwa kila kishimo cha sahani, ingiza inkubeta ya nyuzi 37 dakika kumi na tano, kisha midia.

Midia ndiyo inamaliza pesa. Inahitaji Wnt3a, R-spondini na Nogini, protini za kukuza seli shina, na ukinunua kila moja ikiwa safi bajeti yako inaisha kabla ya data. Tumia midia iliyotengenezwa na seli za L-WRN, seli hizo zinatoa zote tatu, unakuza, unavuna, unagandisha. Siku za kwanza ongeza dawa ya Y-27632 seli zisijiue. Badilisha midia kila siku mbili tatu, na baada ya wiki hivi zikijaa zivunje uzigawe. Mara tu ukiwa na za kutosha weka zingine kwa naitrojeni ya maji, usingoje, kwa sababu stima ikipotea usiku inkubeta inapoa na CO2 inapotea lakini naitrojeni haijali stima.

Sasa kuambukiza, na hapa ndipo watu wengi wanapata sifuri wakidhani virusi ni vibovu. Oganoidi imejikunja, upande ule wa chakula kupita uko ndani, na hapo ndipo rotavirusi huingilia zaidi. Ukimwaga virusi nje ni kaa umevipaka mgongoni mwa utumbo. Unaweza kudunga sindano ndogo ndani, ni kazi ya mkono mtulivu sana, mimi sikushauri uanze nayo. Bora uzivunje uzipande ziwe tabaka moja bapa juu ya kolajeni, upande wa juu unabaki wazi. Halafu zikae kwa midia isiyo na Wnt siku nne tano, seli zikomae, kwa sababu rotavirusi inapenda seli zilizokomaa, sio shina.

Virusi navyo viamshwe na tripsini (kimeng'enya cha kukata protini), nyuzi 37 kama nusu saa, bila hiyo haviingii vizuri. Na midia ya L-WRN uliyokuzia ina seramu, hata mabaki ya seramu yanazima tripsini! Kwa hivyo osha seli mara mbili tatu kwa midia isiyo na seramu kabla ya kuweka virusi. Acha saa moja, osha, chukua sampuli hapo hapo, hiyo ndiyo sifuri yako, kisha masaa 24 na 48. PCR itakuambia RNA (jeni za virusi) imepanda kiasi gani, lakini RNA peke yake haionyeshi virusi hai, peleka pia majimaji kwa seli za MA104 (za figo ya nyani, rotavirusi hukua humo) uhesabu vilivyo hai. Kando weka sahani isiyo na virusi na ingine yenye virusi vilivyouliwa kwa mionzi ya UV. Kama hiyo ya vilivyouliwa inapanda, unasoma uchafu.

Pima pia FUT2 na FUT3 za kila mtoto. Hizi jeni zinaamua sukari gani ziko juu ya seli, na rotavirusi za aina inayoitwa P[8] zinazitafuta sukari hizo, lakini huko Burkina Faso watoto wasio na sukari ya Lewis (ile inayotengenezwa na FUT3) walikuwa wanapatwa na aina nyingine, P[6]. So weka P[8] na P[6] kwa seli za mtoto yule yule, na uwe na watoto kadhaa wa kila kundi, vishimo kumi vya mtoto mmoja vinahesabika mtoto mmoja. Oganoidi haina damu wala seli za kinga, kwa hivyo usiandike kwamba umeeleza kushindwa kwa chanjo. Andika nani anaambukizika na aina gani, kwa kiasi gani, na genotaipu yake (FUT2 na FUT3 zake ni za aina gani) uiweke kwa jedwali hilo hilo.