Sindano ya shingo inayovuta: namna ya kusaidia iingie kwenye msuli wenyewe

Wenzangu wa shingo kuvuta upande (distonia ya shingo, hujalala vibaya wala hujarogwa), mnaniuliza mbona fulani kachomwa Botox (dawa ya kulegeza msuli) katulia na mwingine kachomwa hiyohiyo hajaona kitu. Mara nyingi kesi ni sindano imeingia msuli gani.

Kabla hujaenda jirekodi video. Mtu wa nyumbani akushikie simu dakika mbili tatu, umekaa, unatembea, unaandika, na USISHIKE kidevu. Hapo ndo mimi niliharibu mara ya kwanza, nilikaa mbele ya daktari kidole kiko shavuni bila kujijua, na kwa wengi wetu ukigusa shavu shingo inanyooka yenyewe, basi akaona niko sawa akachoma kwa kukisia. Mwezi umepita bado nikitoka Arusha kurudi Moshi natafuta siti ya dirishani kushoto, angalau nionekane naangalia mlima.

Halafu ujue misuli yako. Ule wa mbele unaotoka nyuma ya sikio kushuka kifuani (geuza uso kulia, wa kushoto utasimama kama kamba) unageuza uso upande wa PILI. Wa nyuma, spleniasi, unageuza upande wake huohuo. Kwahiyo uso ukivutwa kushoto washukiwa wa kwanza ni wa mbele kulia na wa nyuma kushoto. Akitaka kuchoma panapouma tu, uliza kwa adabu, "samahani dokta, huo ndo unaovuta au ndo unaovutwa?"

Wa mbele unashikika kwa vidole. Unaopandisha bega umejificha chini ya mwingine, hapo vidole vinadanganya, ulizia ultrasaundi au EMG, ile mashine ya kusikiliza umeme wa msuli, ukikaza inavuma kama mvua kwenye bati.

Ukimaliza andika kwenye daftari jina la dawa, yuniti ngapi, msuli upi. Yuniti za Botox na za Dysport (dawa nyingine ya aina hiyohiyo) hazilingani kabisa, usije kwenda kwa daktari mwingine ukasema tu "nilichomwa mia mbili".

Matokeo yanaanza ndani ya wiki mbili hivi, wiki ya nne ndo utajua imelenga au la, kurudia ni baada ya wiki 12. Dawa ikisambaa kooni kumeza kunakuwa kazi, hasa wakichoma ya mbele pande zote mbili. Ugali ukianza kukwama hamia kwenye mtori na umpigie daktari, ila ukishindwa kumeza hata mate au pumzi inabana usisubiri kupambazuke, nenda emajensi usiku huohuo.