Somo: Kutoka mkataba wa mauziano hadi hatimiliki, kwa wenye viwanja Mwanza

Wengi tuliojenga Buswelu, Igoma au Nyegezi tulinunua kiwanja kwa mkataba wa mauziano uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, tukaamini kwamba jambo limekwisha. Mkataba huo unathibitisha kwamba fedha zilitolewa na kupokelewa, lakini mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kummilikisha mtu ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na hatimiliki ndiyo inayoithibitisha haki hiyo.

Hatua ya kwanza ni kujua eneo lako limepangiwa matumizi gani. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri yako, yaani Jiji la Mwanza kwa walio Nyamagana na Manispaa ya Ilemela kwa walio Ilemela, uombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji. Nasisitiza hatua hii kwa sababu hapo ndipo mtu hugundua kwamba kiwanja chake kimeangukia kwenye barabara au eneo la shule, na akiwa amekwisha kumlipa mpimaji, fedha hizo hazirudi.

Hatua ya pili ni upimaji, unaofanywa na mpimaji aliyesajiliwa. Majirani wote wawepo siku hiyo, kila mmoja auone mpaka wake na kuukubali, kwa maana mgogoro unaomalizwa shambani kwa mazungumzo hauhitaji kufika Baraza la Ardhi na Nyumba. Bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, ni chuma kilichosimikwa ndani ya zege, chenye namba yake. Ziandike namba hizo, kisha uzilinganishe na ramani ya upimaji itakapotoka. Ramani isipoidhinishwa na mamlaka ya upimaji, bikoni hizo hazikupi haki yoyote, hata zikikaa miaka kumi. Mtaa wenu ukiwa kwenye urasimishaji, yaani mpango wa kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpangilio, jiunge nao, kwa kuwa gharama huchangiwa na wengi.

Ramani ikishaidhinishwa, unajaza maombi ya kumilikishwa na kuambatisha mkataba, kitambulisho cha taifa na picha. Utapewa ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo peke yake, kamwe usimkabidhi mtu fedha mkononi. Hati husainiwa na Kamishna wa Ardhi Msaidizi, kisha Msajili wa Hati huisajili, na baada ya hapo unawajibika kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na kuendeleza kiwanja kwa matumizi yaliyoandikwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kirumba: Shikamoo mwalimu. Mume wangu anataka hati iandikwe jina lake tu, ingawa tumejenga wote. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Zungumzeni kabla fomu haijajazwa, ili majina yote mawili yaingie. Mkimiliki kwa pamoja, mmoja akifariki haki yote hubaki kwa aliyesalia. Mkimiliki kwa hisa, hisa ya marehemu huenda kwa warithi wake. Hata jina lako likikosekana, sheria inatambua mchango wa mwenzi katika ardhi ya familia, lakini kuuthibitisha baadaye ni kazi ngumu.

Mwanachama wa Kayenze: Kiwanja changu kinagusa maji ya ziwa. Nitapata hati ya eneo lote?

Jibu: Ndugu yangu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwambie mpimaji aanze kwa kupima umbali huo, kisha uombe kumilikishwa sehemu iliyobaki.

Mwanachama wa Mkolani: Baba alifariki akiwa na mkataba tu. Je, sisi watoto tunaweza kuomba hati?

Jibu: Poleni sana. Kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, naye athibitishwe na mahakama. Msimamizi huyo ndiye atakayeendelea na hatua hizi kwa niaba ya warithi; mtoto mmoja asijaze fomu kwa jina lake kabla ya hapo, hata kama ndiye anayeishi kwenye nyumba hiyo.